Mbolea ina ruzuku, udongo hauna mtetezi

Kila masika yanapokolea, maji ya Mto Ruvu hubadilika rangi. Yale yanayoteremka kutoka Milima ya Uluguru huja mazito na mekundu, na mtu akiyachota kwenye ndoo na kuyaacha yatulie usiku kucha, asubuhi hukuta chini yake tabaka la tope laini linaloteleza kati ya vidole. Tope hilo ni udongo wa juu wa mashamba ya mahindi, mihogo na migomba yaliyo kwenye miteremko ya Morogoro. Ni ule udongo wa juu kabisa, wenye rutuba, ambao mvua huubeba kwanza. Unapita Mlandizi, unapita Bagamoyo, unaishia Bahari ya Hindi.

Miezi michache kabla ya mvua hizo, katika vijiji vya mikoa mingi ya Tanzania, huonekana jambo jingine. Wakulima hupanga foleni mbele ya duka la wakala wa pembejeo, namba zao za usajili zikiwa kwenye simu, wakisubiri mbolea ambayo sehemu ya bei yake imelipwa na serikali. Mfuko wa kilo 50 hufungwa nyuma ya baiskeli au bodaboda na kupandishwa mlimani. Mvua zikija, sehemu ya kile kilichopanda kwa bodaboda hushuka kwa mtaro.

Mambo hayo mawili huzungumzwa mbalimbali. La kwanza huitwa mazingira, la pili huitwa kilimo. Yana wizara tofauti, bajeti tofauti na mikutano tofauti. Shambani ni jambo moja. Serikali ilifanya vema kurudisha ruzuku ya mbolea, na wakulima wadogo waliihitaji. Lakini msaada wa kilimo unaolipia mbolea na kuuacha udongo uende na maji ni nusu ya msaada. Sehemu ya fedha hizo inapaswa kulipia kazi ya kuhifadhi ardhi: matuta, makinga maji, majani ya kuzuia mmomonyoko na miti. Malipo hayo yamfikie mkulima mwenyewe, kwa kazi aliyoifanya na iliyopimwa.

Msaada unaokuja ndani ya mfuko

Serikali ya Tanzania haikuanza jana kumsaidia mkulima kununua pembejeo. Mfuko wa Taifa wa Pembejeo ulianzishwa mwaka 1994, baada ya ruzuku za zamani kuondolewa wakati wa mageuzi ya uchumi. Ukaja mpango wa vocha, ulioendeshwa kuanzia msimu wa 2008/09 hadi 2013/14 kwa msaada wa Benki ya Dunia. Kaya iliyolima mahindi au mpunga katika eneo lisilozidi hekta moja ilipewa vocha za mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia na kilo 10 za mbegu bora, nayo ikachangia karibu nusu ya gharama. Zaidi ya kaya milioni mbili na nusu zilifikiwa. Mwaka 2015 ikafunguliwa Benki ya Maendeleo ya Kilimo.

Dhoruba ikaja baada ya hapo. Korona ilivuruga usafirishaji duniani, na vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vikapandisha bei ya mbolea zaidi. Mfuko wa DAP ambao mkulima wa Mbeya au Songwe alikuwa ameuzoea kwa bei ya wastani ukavuka Sh120,000. Wengi walipanda bila kutia chochote ardhini. Agosti 8, 2022, katika sherehe za Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango mpya wa ruzuku, na mfuko wa DAP au urea ukauzwa kwa mkulima kwa Sh70,000. Msimu huo zilitengwa Sh150 bilioni kwa ruzuku hiyo. Bajeti ya Wizara ya Kilimo yenyewe ilipanda kutoka Sh294 bilioni mwaka 2021/22 hadi Sh954 bilioni mwaka 2022/23, na mwaka 2024/25 ikapita Sh1.2 trilioni.

Ongezeko hilo ni kubwa, na linastahili sifa. Mwaka 2003 viongozi wa Afrika walikubaliana mjini Maputo kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 10 ya bajeti yake kwa ajili ya kilimo. Kwa miaka mingi azimio hilo lilibaki la maneno. Sasa fedha zimeanza kuonekana, na ndiyo maana umefika wakati wa kuuliza zinalipia nini. Katika mpango wa ruzuku, mfuko wa mbolea una bei iliyotangazwa, una msajili, una wakala na una namba ya mkulima. Tuta la kuzuia maji halina hata fungu.

Yanayoupata mfuko mmoja mlimani

Ichukuliwe kaya yenye ekari moja ya mahindi kwenye mteremko. Ushauri uliozoeleka ni mfuko mmoja wa kupandia (DAP) na mmoja wa kukuzia (urea). Kwa bei ya ruzuku ya mwaka 2022, kaya hiyo ilitoa Sh140,000. Serikali nayo ilichangia zaidi ya Sh100,000 juu ya mifuko hiyo miwili. Kwa familia inayouza magunia machache kwa mwaka, Sh140,000 ni ada ya mtoto, ni mabati, ni nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya wilaya. Mama mwenye nyumba huzitoa kwa sababu anaamini zitarudi wakati wa mavuno.

Je, hurudi? Hilo hutegemea udongo uliozipokea. Fosforasi iliyo ndani ya DAP hushikamana na chembe za udongo. Udongo ukihama, nayo huhama. Urea huyeyuka upesi kwenye maji, na ikirushwa juu ya ardhi bila kufukiwa, sehemu yake hupotea hewani na sehemu nyingine huchukuliwa na mvua ya kwanza kubwa. Udongo uliopoteza mboji hauna cha kushikia maji wala chakula cha mmea. Udongo uliogeuka kuwa na tindikali nyingi huifunga fosforasi kiasi kwamba mizizi haiifikii, hata kama mfuko mzima umemwagwa hapo. Shamba la namna hiyo wakulima hulieleza kwa neno moja: limechoka.

Shamba lililochoka linaweza kuwa na mbolea na bado likatoa mahindi ya njano yenye vigunzi vifupi. Mkulima huona mbolea haikufaa. Msimu unaofuata huweka nusu ya kiasi, au huacha kabisa, na wakati mwingine huuza mgawo wake wa ruzuku kwa mfanyabiashara. Hapo wachumi huanza kuuliza kwa nini mkulima hatumii mbolea, na jibu limelala kwenye tope la mto.

Malawi ilipitia njia hii mapema. Kuanzia msimu wa 2005/06 ilitoa ruzuku kubwa ya mbolea na mbegu, mavuno ya mahindi yakapanda, na dunia ikaisifu. Lakini kwa miaka mingi ruzuku hiyo ilimeza zaidi ya nusu ya bajeti ya kilimo, na ugani, utafiti na hifadhi ya ardhi vikabaki na makombo. Nchi hiyo bado hukumbwa na upungufu wa chakula mvua zinapokosea. Jirani akinyolewa, wa pili hutia maji kichwa chake.

Mbona wakulima hawajengi matuta wenyewe?

Swali hili huulizwa sana mjini, na mara nyingi huulizwa kwa lawama. Anayeuliza angefaa kutazama kazi yenyewe.

Tuta la fanya juu huanza kwa fremu: miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, uzi ukining'inia kutoka kileleni, jiwe likiwa limefungwa mwisho wa uzi. Watu wawili huizungusha fremu hiyo mguu kwa mguu kukata mteremko, na kila uzi unapotulia katikati ya mti wa kulala, huchomeka kigingi. Vigingi vikipangika, huonyesha mstari ambao maji hayashuki wala hayapandi. Kwenye mstari huo huchimbwa mtaro wenye upana na kina cha karibu sentimita 60, na kila sepetu ya udongo hurushwa upande wa juu, jambo lililolipa tuta jina lake. Juu ya tuta hupandwa matete au majani mengine ya malisho. Kisha kazi hurudiwa hatua kadhaa chini, na tena, mpaka mwisho wa shamba. Mvua za miaka michache huujaza udongo nyuma ya tuta, na mteremko hugeuka polepole kuwa ngazi.

Kazi hiyo hufanywa kiangazi, ardhi ikiwa ngumu kama tofali. Kiangazi ndicho kipindi ambacho kaya maskini huwa haina akiba, na baba au mama hutoka alfajiri kwenda kufanya kibarua kwenye shamba la mwingine ili jioni chungu kipande jikoni. Siku moja ya kuchimba mtaro ni siku moja bila unga. Isitoshe, tuta hupunguza nafasi ya kupanda, na msimu wa kwanza mavuno yanaweza kushuka. Faida huja mwaka wa pili au wa tatu. Ni nani mwenye watoto watano atakayekopesha ardhi nguvu zake kwa miaka mitatu, huku hana wa kumkopesha yeye unga wa wiki moja?

Kuna pia suala la nani anamiliki shamba. Aliyekodi ekari kwa msimu mmoja hawezi kujenga kitu cha miaka 20 kwenye ardhi ya mwingine. Na katika kaya nyingi anayelima, anayepalilia na atakayechimba ni mwanamke, ilhali jina lililo kwenye daftari la kijiji ni la mume, la shemeji au la mzee wa ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, lakini hati ya kimila yenye jina lake bado ni adimu.

Halafu kuna hesabu ambayo haizungumzwi. Anayefaidika na tuta la Uluguru ni pamoja na mkazi wa Kimara, Mbagala au Tegeta anayefungua bomba. Mto Ruvu ndio chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam. Mwishoni mwa Oktoba 2022, miezi miwili na siku kadhaa baada ya uzinduzi wa ruzuku, jiji hilo liliingia kwenye mgao wa maji kwa sababu kina cha Ruvu kilikuwa kimeshuka. Mteremko uliovuliwa miti na udongo haunyonyi mvua. Huimwaga yote kwa mkupuo wakati wa masika na kubaki mkavu kiangazi. Serikali inajenga bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, lenye uwezo wa kuhifadhi lita bilioni 190 na linalogharimu zaidi ya Sh300 bilioni, ili kuondoa tatizo hilo. Bwawa nalo hujaa tope. Uhai wake utaamuliwa pia na mkulima wa mlimani na jembe lake, na mpaka sasa mkulima huyo hajatajwa kwenye hesabu.

Fimbo ilijaribiwa, ikashindwa

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni amri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na halmashauri nyingi zina sheria ndogo juu ya kilimo cha miteremko. Sheria zinahitajika. Lakini historia ya nchi hii inaonyesha mwisho wa amri isiyo na msaada.

Katika milima hiyohiyo ya Uluguru, mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Aliyekaidi alitozwa faini au kupelekwa mahakamani. Udongo wa sehemu nyingi za milima ile ni mwembamba, na kuchimba ngazi kuliufukia ule mzuri na kuuleta juu ule usio na rutuba. Watu walitoa jasho kwa lazima, wakavuna kidogo kuliko zamani. Mwaka 1955 ghasia zililipuka, mpango ukaachwa, na TANU, chama kilichodai uhuru, ikapata wanachama wengi miongoni mwa wakulima wenye hasira. Kwa miaka mingi baadaye, neno tuta liliwakumbusha wazee wa huko askari na faini.

Serikali ya uhuru nayo ilijaribu mkono mzito. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 mifugo yote, makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa. Nyasi na miti vilirudi, makorongo yakaanza kufunikwa. Lakini kaya zilizoishi kwa maziwa na samadi zilibeba gharama peke yao, na ilichukua takriban miaka 10 kabla ya ng'ombe wa maziwa wa kufugia bandani kuruhusiwa. Ardhi ilipona kwa bei iliyolipwa na walio wachache kwa faida ya wengi.

Shinyanga ilionyesha njia nyingine. Miti ya huko ilifyekwa kwa miongo mingi, kwanza kuangamiza mbung'o, kisha kupata mashamba ya pamba na kuni, hadi mkoa ukaanza kuitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, wataalamu walichagua kuwauliza Wasukuma walikuwa wakitunzaje malisho zamani. Jibu lilikuwa ngitili: eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti viote, kisha kufunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi. Ngitili zilizokuwa zimebaki mkoani zilikuwa za hekta 600 hivi. Katika muda usiozidi miaka 20, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto, chini ya kaya na vijiji vyenyewe. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Utafiti uliofuata ulikadiria kwamba kuni, dawa, malisho, asali na matunda ya ngitili vilikuwa na thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8 na nusu.

Mbinga hakukuhitajika hata mradi. Wamatengo wana kilimo cha ngoro chenye umri wa zaidi ya karne moja. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana kwenye mteremko. Wanawake huja na majembe na kuyafunika kwa udongo unaotolewa katikati ya kila mraba. Shamba hubaki kama sega la nyuki: vishimo hukamata mvua, majani yaliyozikwa huoza na kuwa mbolea, na mahindi, maharage au ngano huota juu ya kuta. Milima ile mikali imelisha watu kizazi baada ya kizazi. Ujuzi upo kijijini. Unaokosekana ni mkono wa kuubeba.

Chanda chema huvikwa pete

Kuwalipa wakulima kwa kutunza ardhi si ndoto. Kumeshafanywa Uluguru kwenyewe. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, mashirika ya CARE na WWF yalisimamia mpango kwenye vijiji vya Kibungo Juu, ambako watumiaji wakubwa wa maji walio mabondeni walichangia fedha na wakulima wa milimani wakalipwa kwa eneo walilohifadhi na kwa aina ya kazi: matuta, fanya juu, majani ya kinga, miti ndani ya shamba. Hawakuamrishwa. Walitia saini mkataba, kazi ikapimwa, malipo yakatoka. Milima iliyowahi kuchukia hata jina la matuta ikachimba matuta kwa hiari, kwa sababu safari hii jasho lilikuwa na thamani.

Kenya ina mifano ya kutosha. Machakos ya miaka ya 1930 ilihesabiwa na maofisa wa kikoloni kuwa ardhi iliyokufa. Wakazi wake walikuwa wapatao 240,000. Kufikia mwaka 1989 walizidi milioni 1.3, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Matuta yalijengwa na vikundi vya mwethya, vingi vikiwa vya wanawake, waliochimba shamba la huyu leo na la yule kesho. Serikali ilisaidia kwa wataalamu na zana, hasa baada ya mpango wa taifa wa hifadhi ya udongo wa mwaka 1974, na soko la Nairobi likawapa sababu ya kuwekeza. Tangu mwaka 2015, Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu unakusanya michango ya watumiaji wa maji na umeme na kuwasaidia wakulima wa miteremko ya Aberdare kwa matuta, miche na mabwawa madogo ya kuvunia mvua.

Mataifa makubwa yalijifunza somo hilohilo kwa uchungu. Marekani ilipoteza udongo wa majimbo ya katikati kwa tufani za vumbi za miaka ya 1930, na mwaka 1935 ikaunda idara ya serikali ya kuhifadhi udongo. Nusu karne baadaye, sheria ya kilimo ya mwaka 1985 iliweka sharti rahisi kueleza: mkulima mwenye ardhi inayomomonyoka kwa urahisi, akitaka msaada wa serikali, lazima awe na mpango wa kuihifadhi. Sheria hiyohiyo ilianza kuwalipa wakulima kodi ya mwaka kwa mikataba ya miaka 10 hadi 15 ili ardhi dhaifu ipumzike chini ya nyasi na miti. China nayo, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1998, ilianza kuwapa wakulima wa miteremko nafaka, fedha na miche ili waiache miteremko mikali na kuipanda miti. Waliohesabu waligundua kwamba kumlipa mkulima ni rahisi kuliko kuzoa tope.

Kuvuja kwa pakacha

Pingamizi kubwa dhidi ya malipo ya aina hii ni wizi. Ni pingamizi la haki. Wakati wa vocha, kulikuwa na vijiji ambako majina ya marehemu yalisainiwa, vocha ziliuzwa kabla ya kufika kwa mkulima, na mbolea ilifika mahindi yakiwa yameshabeba. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na mwenye mzigo hugundua amefika na pakacha tupu.

Lakini tuta lina sifa moja ambayo mfuko wa mbolea hauna. Mfuko ukishafunguliwa na kumwagwa, hakuna awezaye kuthibitisha ulikwenda wapi. Tuta hubaki pale. Linapimwa kwa kamba, linapigwa picha, linatembelewa na wanakijiji wote wanaopita njiani kwenda kisimani. Ni vigumu kuuza kivuli cha tuta. Malipo yakitolewa kwa awamu, sehemu baada ya kuchimba, sehemu baada ya majani kushika, na sehemu ya mwisho baada ya masika mawili tuta likiwa bado limesimama, anayedanganya hujiumiza mwenyewe.

Vyombo vya kuifanya kazi hii tayari vipo. Mpango wa ruzuku umejenga daftari la kidijitali la wakulima, lenye jina, eneo la shamba na namba ya simu. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) umezoea kulipa kaya maskini kwa ajira za muda, zikiwemo kuchimba malambo, kuzuia mmomonyoko na kupanda miti. Mabwana shamba na mabibi shamba wamepewa pikipiki na vifaa vya kupimia udongo. Malipo ya simu yanafika hadi kitongoji cha mwisho. Kinachotakiwa ni kuvikutanisha vyombo hivyo kwenye shamba moja.

Kinachopasa kufanywa

Hatua ya kwanza ni fungu. Kwa kila shilingi kumi za ruzuku ya mbolea, shilingi moja itengwe kulipia kazi ya hifadhi mashambani. Kwa kiwango cha mwaka 2022/23, hiyo ingekuwa Sh15 bilioni. Haitoshi nchi nzima, lakini inatosha kuanza kwenye vyanzo vya mito inayolisha miji, mabwawa na skimu za umwagiliaji: Uluguru, Usambara, Upare, nyanda za juu kusini. Mamlaka za maji na za umeme zichangie pia, kwa kuwa ndizo zinazobeba gharama ya tope.

Hatua ya pili ni kipaumbele. Mwenye shamba la mteremko aliyejenga matuta apewe mbolea yake mapema na kwa punguzo kubwa zaidi, pamoja na chokaa pale udongo ulipoonyesha tindikali. Sharti la namna hii liendane na msaada: kwanza alipwe achimbe, ndipo adaiwe matuta. Likigeuzwa kuwa faini, milima itakumbuka mwaka 1955.

Hatua ya tatu ni jina. Malipo yamfuate mwenye jembe. Mke anayechimba awe na namba yake kwenye daftari na simu yake ipokee ujumbe wa malipo. Mpangaji apate mkataba wa miaka ya kutosha, ulioshuhudiwa na serikali ya kijiji, ili tuta alilolijenga lisiwe zawadi kwa mwenye ardhi.

Hatua ya nne ni kuwasikiliza wenyeji juu ya nini kinafaa wapi. Ngazi zilizofaa Machakos ziliharibu udongo mwembamba wa Uluguru. Ngoro ni za Mbinga, ngitili ni za Usukumani. Mkutano wa kijiji uchague njia, mtaalamu aipime.

Mei 2024, viongozi wa Afrika walikutana Nairobi kujadili mbolea na afya ya udongo, wakaahidi kuongeza matumizi ya mbolea mara tatu na kurudisha uhai wa angalau asilimia 30 ya udongo ulioharibika katika muda wa miaka 10. Ahadi hizo mbili ziliandikwa kwenye karatasi moja kwa sababu moja haiwezekani bila nyingine. Bajeti za nchi hazijaziweka pamoja.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa nchi hii utakuwa wa bei ya Kidunda. Wabunge wanapokaa Dodoma kupitisha bajeti ya kilimo, kila mmoja aulize swali moja kabla ya kusema ndiyo: kati ya mabilioni haya, mkulima wa mlimani atalipwa shilingi ngapi kwa kuuzuia udongo usiondoke? Jibu likiwa hakuna, basi mbolea ya msimu ujao nayo ina safari ya kwenda baharini.